Nani aanze, nani akae benchi? Mwanza na homa ya mtoano

*Timu za Kanda ya Ziwa zimecheza mitoano mingi, na kila mara mji mzima hugeuka kocha. Mwandishi wetu anaingia kwenye ubishi wa kikosi: nani aanze, nani aondolewe, na kwa nini swali hilo mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa.*

Ukipita Mwaloni Kirumba asubuhi ya mechi ya mtoano, usishangae kukuta kreti ya soda imepinduliwa kando ya meza ya kahawa na juu yake vimepangwa vizibo kumi na kimoja. Kimoja nyuma, vinne mstari wa pili, vitatu katikati, vitatu mbele. Kijana wa kupakia magunia ya dagaa anakisogeza mbele kizibo cha katikati. Mzee mwenye kikombe mkononi anakirudisha kilipokuwa, bila hata kumtazama.

"Mzee wangu, leo tunataka magoli."

"Magoli utapata. Ya kwao nani atayazuia?"

Kizibo hicho ndiye namba sita, kiungo mkabaji, na kitakwenda mbele na kurudi nyuma mpaka alasiri watu watakapoanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea Uwanja wa CCM Kirumba. Wengine watakwenda hawasemeshani.

Wapangaji wa kikosi Mwanza hawajawahi kuadimika. Wapo Makoroboi kwenye vibanda vya nguo, wapo stendi ya Nyegezi, wapo Mabatini na Igoma, wapo Kamanga wakisubiri kivuko. Ila mechi ya kawaida ya ligi huwapa wiki nzima ya kutaniana tu. Mtoano ni kitu kingine. Mechi mbili, nyumbani na ugenini, halafu timu ipo Ligi Kuu au haipo. Hapo hata asiyejua jina la kocha atakuwa na kikosi chake mfukoni.

Na hoja huwa ni moja: kikosi kilichotufikisha hapa ndicho kituvushe, au kibadilishwe?

MABAO MANNE YASIYOTOSHA

Ukitaka kuona hoja hiyo ilivyo ngumu, rudi mwaka 2020. Msimu wa 2019/20 ulikatwa katikati na korona. Ligi ilisimama Machi, ikarudi Juni, ikakimbizwa mpaka mwisho wa Julai. Jiji la Mwanza lilikuwa na timu mbili Ligi Kuu: Mbao, iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa mbao, na Alliance, iliyotoka kwenye shule na kituo cha soka cha vijana.

Alliance ilishuka moja kwa moja, pamoja na Lipuli, Ndanda na Singida United. Mbao ikaangukia kwenye mtoano dhidi ya Ihefu ya Mbarali, iliyokuwa ikitokea Daraja la Kwanza.

Mechi ya kwanza, kule Mbarali, Mbao ililala 2-0. Marudiano yakawa Kirumba, mwanzoni mwa Agosti.

Hebu ichukue hesabu ile kama alivyopaswa kuichukua kocha. Ushindi wa 2-0 ungeirudisha Mbao mchezoni. Wa 3-0 ungemaliza kazi palepale. Lakini hayo ni iwapo wavu wake hautaguswa. Ihefu wakipata bao moja tu Mwanza, Mbao itahitaji manne. Wakipata mawili, itahitaji matano, kwa sababu kanuni ya bao la ugenini ilikuwa inampa mgeni faida pale jumla inapolingana.

Sasa panga kikosi. Ukimtoa namba sita ukaongeza straika, umepata mtu wa kufunga, lakini kila mpira unaopotea unawaacha mabeki wako wa kati wakitazamana na washambuliaji wa Ihefu ana kwa ana. Ukimbakiza, wavu una ulinzi, ila saa inakwenda na magoli hayaji yenyewe.

Mechi iliisha 4-2 kwa Mbao. Jumla 4-4. Ihefu ikapanda Ligi Kuu kwa faida ya mabao ya ugenini, na Mbao iliyokuwa imeshinda mechi ikatoka uwanjani imeshuka daraja.

> *Mbao ilifunga mabao manne Kirumba, ikashinda, na bado ikashuka.*

Tazama matokeo hayo yalivyowaacha wabishi wa mji huu. Aliyetaka washambuliaji waongezwe anaweza kusimama mpaka leo akauliza: si mlipata manne? Wa namba sita naye atamjibu: si mlifungwa mawili? Wote wana ushahidi, na ushahidi wenyewe ni mechi ileile.

Mimi niko na wa namba sita. Unapokuwa nyuma 2-0 na kanuni ya bao la ugenini ipo, kazi ya kwanza ni kutofungwa. Bao lako la kwanza hata likija dakika ya 75, bado una robo saa ya kutafuta la pili. Lakini bao la mgeni likishaingia, hata liwe la bahati mbaya, la mpira uliomgonga mtu mgongoni, linakudai mawili. Mashabiki wengi hawapendi kusikia hivyo. Wanaona ni woga.

Miezi kumi tu baada ya mechi ile, Juni 2021, shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, liliifuta kanuni hiyo kwenye mashindano yake. Kwa hesabu za huko, 4-4 ingekwenda muda wa nyongeza. Ukitaka kumharibia siku shabiki wa zamani wa Mbao, mkumbushe hilo.

KANDA YA MITOANO

Mbao haikuwa ya kwanza kupita njia hiyo, wala ya mwisho. Nikiangalia orodha ya mitoano ya miaka ya karibuni, naona majina ya huku kwetu yamejazana.

Msimu wa 2018/19 ndio uliopita kiasi. Ligi Kuu ilikuwa na timu 20, kila moja mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu. Timu zilisafiri mikoa yote kwa mifuko yao. Mwisho wa yote mtoano ukazikutanisha Kagera Sugar ya Bukoba na Pamba ya Mwanza, na huku Mwadui ya Shinyanga na Geita Gold. Timu nne, zote za Kanda ya Ziwa, zikinyang'anyana nafasi mbili.

Shabiki wa Pamba aliyetaka kwenda Uwanja wa Kaitaba alipaswa kuvuka Busisi kwa kivuko, apite Sengerema na Geita, azunguke Biharamulo hadi Muleba, ndipo aione Bukoba. Ni safari ya siku nzima, na ndani ya basi hakuna kazi nyingine isipokuwa kupanga kikosi. Kagera Sugar, chini ya Mecky Maxime, ilibaki. Mwadui nayo ikabaki. Pamba na Geita zikarudi zilikotoka.

Mwaka 2021 Pamba ikafika tena mtoano, safari hii dhidi ya Coastal Union ya Tanga. Ikakwama. Mwaka 2023 ikafika kwa mara nyingine, ikatolewa na Mashujaa ya Kigoma, ambayo iliendelea mpaka ikaing'oa Mbeya City na kupanda. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Biashara United ya Musoma kukwama mbele ya Tabora United.

> *Mwaka 2019 timu zote nne za mtoano zilitoka Kanda ya Ziwa.*

Kwa Pamba kilichouma zaidi ni historia. Hii ni ile TP Lindanda, wana Kawekamo, timu iliyomtoa George Masatu, ikamtoa Hussein Marsha, na kumchezesha Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho Ngassa. Ilishuka Ligi Kuu mwaka 2001. Kuna watu Mwanza walizaliwa, wakasoma, wakaoa, wakapata watoto, Pamba bado iko chini.

Masatu na Marsha walikuwemo kwenye Simba ya 1993 iliyofika fainali ya Kombe la CAF. Simba ilitoka suluhu Abidjan dhidi ya Stella, watu wakaona kombe limeshafika Dar es Salaam, kisha Novemba 27 ikafungwa 2-0 nyumbani. Wazee wa Mwanza huitaja mechi hiyo kila mtu anaposifia suluhu ya ugenini. Ukitoka 0-0 kwa mwenyeji, marudiano bao lake moja linakudai mawili, na kocha aliyekuwa na utulivu wiki iliyopita anaanza kuhangaika na majina.

WA "USIGUSE" NA WA "BADILISHA"

Ukikaa vijiweni muda wa kutosha utagundua pande hizi mbili hazigawanyiki kwa umri wala kwa timu.

Wa "usiguse" wanasema wachezaji wamezoeana. Beki wa kulia anajua winga wake atarudi au hatarudi kusaidia. Kipa anajua beki gani anapenda kurudishiwa mpira na yupi ukimrudishia umemtia matatani. Kuvunja mazoea hayo siku ya mtoano, kwao, ni kujitafutia balaa. Nao wana mfano wanaoupenda: fainali ya Kombe la Dunia, Julai 12, 1998. Karatasi ya kwanza ya Brazil ilikuwa na jina la Edmundo. Ronaldo alikuwa ameugua mchana wa siku hiyo. Muda mfupi kabla ya mechi kocha Mario Zagallo akamrudisha Ronaldo kikosini. Ufaransa ikashinda 3-0.

Wa "badilisha" nao hawakosi la kujibu. Wanakuletea Louis van Gaal, Kombe la Dunia 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica. Dakika za mwisho kabisa za nyongeza alimtoa kipa Jasper Cillessen akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akapangua mbili, Uholanzi ikasonga. Tangu siku hiyo kila kijiwe cha Mwanza kina mtu anayetaka "kipa wa penalti".

Wanachosahau ni wiki hiyohiyo. Kwenye nusu fainali dhidi ya Argentina Van Gaal alikuwa amemaliza nafasi za kubadilisha, Cillessen akabaki langoni, hakupangua hata moja, na Uholanzi ikatoka.

Wenzetu wa Canada na Marekani, wanaocheza mpira wa magongo kwenye barafu, wana raha ambayo sisi hatuna. Mtoano wa Kombe la Stanley ni mfululizo wa mechi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye anayevuka. Kocha akikosea kikosi mechi ya kwanza, anarekebisha ya pili. Kipa akiboronga, anapumzishwa, anarudi mechi ya tano akiwa mtu mpya. Mashabiki wao hubishana kila asubuhi ya mechi kama sisi, lakini kosa linafutika. Kwetu kosa la mechi ya kwanza una dakika 90 tu za kulilipa.

Ndiyo maana naona swali la vijiwe limekaa vibaya. Halipaswi kuwa kubadilisha au kutobadilisha, liwe kubadilisha wapi. Kipa, beki wa kati anayeongoza wenzake, namba sita, na yule mmoja wa mbele anayejua kukaa na mpira akiwa amekabwa: hao ni uti wa mgongo. Hao usiwaguse mpaka uwe umelazimishwa na kadi au majeruhi. Pembeni, kwa mawinga na mabeki wa pembeni, badilisha unavyotaka kulingana na mpinzani.

Uwanja nao una neno lake, ingawa sisikii likitajwa sana. Nyamagana ni nyasi bandia. Kaitaba ni nyasi bandia. Kirumba ni nyasi za kawaida. Kwenye nyasi bandia mpira unateleza haraka, pasi ndefu inakwenda mpaka nje, na mchezaji mwenye goti bovu anaanza kuchechemea kipindi cha pili. Kiungo mfupi mwenye pasi za haraka anayetamba Nyamagana anaweza kupotea kabisa kwenye uwanja wenye majani marefu na mabonde. Timu inayocheza nyumbani kwenye aina moja ya uwanja na ugenini kwenye nyingine inahitaji viungo wawili tofauti, na hapo kubadilisha si woga.

KUMI NA SITA, SI KUMI NA MOJA

Kuna jambo moja limebadilika ambalo wabishi wengi bado hawajaliingiza kwenye hesabu zao. Mei 2020, kwa sababu ya korona, bodi ya sheria za soka duniani, IFAB, iliruhusu wachezaji watano wa akiba badala ya watatu. Kuanzia msimu wa 2022/23 ikawa sheria ya kudumu kwa mashindano yanayoitaka. Nafasi za kuwaingiza ni tatu katika mchezo, ukiondoa mapumziko.

Maana yake kocha hapangi tena watu 11. Anapanga 16. Nusu ya wachezaji wa ndani wanaweza kutoka. Ubishi wa nani aanze unapoteza nguvu kidogo, na unaozidi uzito ni nani amalize. Kwenye mtoano, ambapo robo saa ya mwisho ndiyo huamua kila kitu, ningependa straika wangu mwenye kasi aingie dakika ya 65 akiwakuta mabeki wamechoka, kuliko aanze nao wakiwa na pumzi.

Mwambie hivyo shabiki wa Igogo uone. Atakwambia ukimweka benchi mfungaji wako bora, umemdhalilisha mbele ya mama yake.

Na hilo nalo lina ukweli wake. Mchezaji aliyebeba timu miezi minane halafu akasikia jina lake halimo siku ambayo mji mzima umekuja, huwa haingii na hamu ya kuokoa mtu. Kocha mwenye busara humwita pembeni siku mbili kabla, anamweleza. Kocha mwenye haraka humwacha asikie kwenye kikao cha mwisho hotelini, pamoja na wenzake.

KIKOSI KINAPANGWA DESEMBA

Tuseme ukweli. Ukifuatilia kilichozikuta timu za Mwanza kabla ya mitoano hii, utaona vikosi havikuharibiwa asubuhi ya mechi.

Mbao ilipanda 2016 baada ya shirikisho, TFF, kuziadhibu timu kadhaa za Daraja la Kwanza kwa kupanga matokeo. Wengi waliibeza kuwa imepanda kwa mlango wa uani. Msimu wake wa kwanza, chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije, iliifunga Yanga 1-0 Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaifunga tena 1-0 siku ya mwisho ya ligi na kujiokoa, kisha ikaipeleka Simba muda wa nyongeza kwenye fainali ya Dodoma, Mei 27, 2017, kabla ya kufungwa 2-1. Siku ileile ya mwisho ya ligi iliyoiokoa Mbao, Toto African ya Mwanza, wana Kishamapanda, walikuwa wanashuka.

Baada ya hapo nini? Pius Buswita akaenda Yanga. Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba. Mwaka 2018 Ndayiragije mwenyewe akaenda KMC, na baadaye akaifundisha Taifa Stars. Timu ya fainali ilikwisha vipandevipande, dirisha kwa dirisha. Iliyofika kwenye mtoano wa 2020 ilikuwa na jina lilelile na jezi zilezile.

Silaumu wachezaji. Mtu wa miaka 22 akiitwa na Simba au Yanga, ukimwambia abaki Mwanza kwa mapenzi utakuwa unamtania. Lakini klabu iliyoachia nguzo zake kisha isilete wa kuziba, ilikwisha kupanga kikosi chake cha mtoano miaka miwili kabla. Kocha anayekuja kukabidhiwa mabaki hayo anachagua kati ya vizibo vilivyobaki.

> *Timu ya fainali ya 2017 ilikwisha dirisha kwa dirisha. Iliyofika mtoano ilibaki na jina na jezi.*

Desemba na Januari, wakati wa dirisha dogo, ndipo vijiwe vingepaswa kuwaka. Ndipo timu inapojua kama ina beki wa kushoto wa akiba au haina. Ajabu ni kwamba miezi hiyo Mwanza hushughulika na Simba na Yanga zimesajili nani.

MKONO WA TATU

Kuna upande mwingine wa ubishi huu ambao hauzungumzwi kwa sauti. Ni wa viongozi.

Makocha wa soka letu wamelalamika miaka nenda rudi kuhusu karatasi ya kikosi inayorudi kutoka kwa wakubwa ikiwa na jina lililofutwa na jingine lililoandikwa juu yake. Aliyetoa fedha ya kambi anataka kijana wake acheze. Mwingine amesikia fununu kuwa beki fulani "amefikiwa" na wapinzani, basi beki huyo anaondolewa bila ushahidi wowote, usiku wa kuamkia mechi. Kumtuhumu mchezaji ni rahisi, na wiki ya mtoano tuhuma hazihitaji hata nauli.

Halafu yapo yale ya ruka ukuta. Timu, kwa hofu ya uchawi, inakataa kupita mlango rasmi, inakwepa vyumba vya kubadilishia nguo, inapasha misuli moto nje ya geti, na Bodi ya Ligi inaitoza faini wiki inayofuata. Nimewahi kujiuliza kama nguvu hizo zingetumika kuangalia mkanda wa mechi ya kwanza ya mpinzani zingeleta nini. Lakini mzee mmoja pale kijiweni huwa ananiambia mimi ni mtoto, sijui mpira.

Shabiki anapodai fulani aanze, madai yake yana mwisho: anapiga kelele jukwaani, basi. Kiongozi akidai, kocha anabaki na chaguo la kukubali au kufungasha. Ndiyo maana ningependa ule ubishi wa mtaani uendelee kwa nguvu zote na ule wa ofisini unyamaze.

SIKU PAMBA ILIPOUKWEPA MTOANO

Aprili 28, 2024, Pamba ilikuwa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, dhidi ya Mbuni. Halmashauri ya Jiji ilikuwa imeishika timu na jina sasa ni Pamba Jiji. Kocha Mbwana Makata alikuwa na hesabu nyepesi kuliko za watangulizi wake wote: ashinde apande moja kwa moja, mtoano wabaki nao wengine.

Ikashinda 3-1. Miaka 23 ikaisha Arusha, mbali na ziwa, na mabasi yaliyorudi Mwanza yalipokelewa kwa honi.

Mwaka 2019, 2021 na 2023 Pamba ilifika mtoano, na mara zote tatu ikabaki chini. Ilipanda mwaka ambao haikupitia mtoano.

Raha haikudumu. Kwa Ligi Kuu klabu ikamleta Mserbia Goran Kopunović, aliyewahi kuinoa Simba. Ilipofika Oktoba 2024 akaondoka, matokeo yakiwa mabaya, akaja Fred Felix Minziro, Mtanzania aliyekwisha kuipandisha Geita Gold mwaka 2021. Mjini watu wakagawanyika tena. Wengine walisema mgeni hakupewa muda. Wengine wakasema Minziro anawajua wachezaji wa huku na anajua mechi za kubaki daraja zinavyochezwa: kaba kwanza, kelele baadaye. Mzee wa namba sita, nadhani, angemkubali.

Kwa utaratibu wa sasa, ligi ikiwa na timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinapambana zenyewe kwa mechi mbili. Inayoshinda inabaki, inayofungwa inakwenda kukutana na mshindi kati ya wa tatu na wa nne wa Championship, ligi ya chini yake. Kwa hiyo unaweza kucheza mitoano miwili ndani ya wiki chache, na wachezaji walewale, wenye kadi zilezile na misuli iliyochoka. Shabiki wa Mwanza siku hizi akifungua msimamo wa ligi anaanza kuhesabu kutoka chini, akifika nafasi ya 12 anapumua.

Msimu wa 2024/25 ulipokwisha Pamba Jiji ilikuwa juu ya mstari huo. Kagera Sugar ikashuka moja kwa moja pamoja na KenGold. Kule Championship Stand United ya Shinyanga na Geita Gold zilikutana kwenye mtoano, Stand ikavuka, kisha ikagonga mwamba kwa Fountain Gate. Mwanza safari hii haikuwa na timu ya kuhangaikia. Na kwa ninavyoujua mji huu, hawakukosekana watu wa Mabatini waliowapangia Stand kikosi.